Mchango Mkononi, Swali Mdomoni

Hotuba ya kamati ya fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Usangi waishio Dar es Salaam

  

Tumepewa dakika ishirini, na watu wa hesabu wakipewa dakika ishirini wanajua zitakaguliwa. Kwa kawaida kamati ya fedha husoma mapato na matumizi, wajumbe wakapiga makofi, kisha macho yote yakageukia upande wa sufuria za makande. Taarifa hiyo ipo, kila mmoja amepewa nakala mlangoni, na itajadiliwa kifungu kwa kifungu kabla ya chakula. Ila mwenyekiti ametuomba tuseme kwanza juu ya jambo linaloibeba taarifa yenyewe, yaani uraia wetu na wajibu unaokwenda nao, nyumbani Usangi na hapa tunapoishi.

Tuanze na watani zetu. Wachaga wanatusema miaka yote kwamba Mpare ni bahili, na kwamba yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunacheka nao, maana utani ni undugu, na sisi tunayo ya kwao. Lakini mtu wa hesabu akiutazama utani huo anaona sifa ndani yake. Anayetoa shilingi yake kwa uchungu atataka kujua imekwenda wapi. Anayefuatilia kesi ya kuku hadi mwisho anaamini kwamba haki ndogo nayo ni haki. Tabia hizo zikitumika mahali pake zinajenga shule na zahanati. Zikitumika vibaya, ng'ombe wanakwisha.

Wazee wetu walijua pa kuzitumia. Vijana waliopo hapa huenda wamelisikia neno Mbiru bila kuelezwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Upare ililetewa kodi mpya iliyopewa jina hilo. Kila mtu alikadiriwa kiwango chake kulingana na mali aliyodhaniwa kuwa nayo. Watu wakauliza: nani amehesabu mali yangu, na kwa kipimo gani? Hawakupata jibu la kuwaridhisha. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani wakaenda Same, yalipokuwa makao ya wilaya, wakakaa huko kudai kodi hiyo iondolewe. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walijitokeza kwa wingi wakamkabili mkuu wa wilaya wa kikoloni. Wanaume walikuwa Same, na mashamba na watoto vyote vilikuwa vimewaelemea wao, kwa hiyo walitaka shauri lile limalizwe. Mgogoro uliendelea hadi 1947, na kodi ile haikudumu. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliuandikia kitabu kizima kilichochapishwa mwaka 1971.

Tunaomba jambo moja lizingatiwe katika habari hiyo. Wazee wale hawakukataa kodi. Walikuwa tayari kulipa kiwango kimoja, kinachojulikana na kila mtu. Walichokataa ni makadirio yasiyo na maelezo. Na walidai wakiwa chini ya serikali ambayo haikuwahesabu kuwa raia, hawakuwa na kura, wala hawakuwa na katiba ya kushika mkononi. Sisi tunavyo vyote hivyo.

Sehemu ya pili ya urithi wetu ni ndiva. Waliokulia nyumbani wanaijua: bwawa dogo juu ya mashamba, maji ya kijito yanaingia usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda kwenye mifereji, na kila shamba lina zamu yake. Ndiva ikijaa tope, au mfereji ukibomoka, watu wanaitwa kwenye msaragambo. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe. Asiyetokea bila sababu anajulikana siku hiyo hiyo, na zamu ya maji ikifika anakumbushwa.

Tukiwa watu wa hesabu tunaipenda ndiva kwa sababu kila kitu kiko wazi. Kilichoingia usiku kinaonekana, kinachotoka mchana kinaonekana, na aliyefanya kazi anaonekana. Haiwezekani mtu akachukua maji mara mbili jirani asijue. Mfuko wowote wa umma, uwe wa kijiji, wa halmashauri au wa chama hiki, ungekuwa na afya kama ungeendeshwa kwa uwazi wa ndiva.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Ibara ya 21 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika maamuzi ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa lake. Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma. Haki na wajibu vimekaa katika katiba moja. Pale kijijini, mlango wa kuvitumia ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, namba 7 ya mwaka 1982, inasema mkutano huo ni wa kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na ndio wenye kauli ya juu katika sera za kijiji. Halmashauri ya kijiji, ambayo ina wajumbe 15 hadi 25, inawajibika kwao. Mkutano unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ya kijiji yasomwe mbele ya watu.

Kwa lugha ya kawaida, mama yetu mwenye robo eka ya migomba ana mamlaka pale kuliko sisi sote tuliovaa suti katika ukumbi huu. Yeye ni mkazi. Sisi ni wana wa nyumbani, tunapendwa na kukaribishwa, lakini kura ya kijiji ni yake. Ndiyo maana leo tunataka tuzungumzie namna tunavyotoa michango yetu.

Kote nchini utakuta majengo tunayoyaita maboma: kuta zimefika kwenye lenta, hakuna paa, majani yameota ndani. Ukiuliza, utaambiwa hela ziliisha, na mara nyingi ni kweli. Lakini kuna jengo la aina nyingine linalosikitisha zaidi. Limeezekwa, limepakwa rangi, lina kibao chenye majina ya wafadhili, na limefungwa kufuli. Ni zahanati isiyo na mganga wala dawa, au bweni lisilo na choo wala maji.

Jengo la namna hiyo halikukosa pesa. Lilikosa mkutano. Watu wenye nia njema walikaa mjini, wakaamua kijiji kinahitaji nini, wakachangishana, wakamtumia fundi. Mganga, muuguzi na dawa havitoki kwa fundi. Vinatoka kwenye bajeti ya halmashauri ya wilaya, na bajeti hiyo inasikiliza mipango iliyopanda kutoka kijijini kwenda kamati ya maendeleo ya kata, kisha wilayani. Mradi ambao haukupita njia hiyo, serikali inauona kama mtoto wa jirani: inampenda, lakini haikumpangia ada.

Ubaya mwingine unakuja polepole. Kila tunapoamua sisi na kulipa sisi, wenye mkutano wao kule wanajifunza kusubiri. Anayesubiri mgeni kutoka Dar es Salaam ampe bati hana sababu ya kumuuliza mwenyekiti wake wa kijiji bati za mwaka jana ziko wapi. Mkutano ukiitwa, watu wanne wanakuja. Miaka kumi ikipita, tutakuwa na majengo mengi na kijiji kisicho na sauti. Hiyo ni hasara ambayo hatuna safu ya kuiandika kwenye vitabu vyetu, lakini ni kubwa kuliko hasara nyingine zote.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo, na tunaomba mkutano huu uyajadili na kuyapigia kura.

Kwanza, fedha za mradi wowote wa chama zisitoke mpaka tuwe na nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji husika unaoonyesha kwamba wananchi wameujadili mradi huo na kuupitisha, pamoja na orodha ya mahudhurio. Orodha iwe na majina ya akina mama na vijana pia, siyo ya wazee peke yao. Mtu akisema hilo litachelewesha kazi, tunakubali litachelewesha kwa wiki kadhaa. Kufuli la zahanati linachelewesha kwa miaka.

Pili, kila mradi uwe na mchango wa kijiji chenyewe: mawe, mchanga, maji, siku za msaragambo. Na mchango huo uthaminiwe kwa shilingi na uandikwe kwenye taarifa karibu na michango yetu. Mzee aliyebeba mawe siku tatu ametoa mtaji. Jina lake linastahili ukurasa ule ule wa aliyetoa milioni.

Tatu, anayenunua asiwe anayepokea. Wenye uzoefu wa miradi ya shule wanajua kuna kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi. Watu wengine huona ni urasimu. Ni kinga. Mifuko 100 ya saruji ikinunuliwa, mtu mwingine aihesabu ikishuka kwenye gari, na wa tatu aandike iliyotumika. Risiti ibaki kijijini, nakala ije kwetu, na muhtasari ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji ambapo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuusoma kwa sauti.

Nne, chama nacho kihojiwe. Tunaomba taarifa yetu isomwe kule, kwenye mkutano wa kijiji, mara moja kwa mwaka, na wananchi watuulize maswali. Tukidai hesabu kwa mwenyekiti wa kijiji huku zetu tukizisoma ukumbini mjini tu, tutakuwa tunaomba uwazi wa upande mmoja.

Ndugu zetu, hatutaki mtu aondoke hapa akidhani uraia unaanzia njia panda ya Mwanga. Kwa sehemu kubwa ya mwaka sisi ni wakazi wa Kimara, Tabata, Mbagala, Kigamboni. Ni wangapi humu wanamjua mwenyekiti wa mtaa wao kwa jina? Na waliokwenda kwenye mkutano wa mtaa mwaka huu? Novemba 27, 2024 nchi ilifanya uchaguzi wa serikali za mitaa, na mahali petu pa kushiriki palikuwa pale tunapoishi. Takataka zinazokusanywa au kutokusanywa, mtaro unaoziba kila masika, taa za barabarani, ulinzi wa usiku, yote hayo yana kikao chake. Mtu anayejua kuhoji mtaani kwake Tabata atajua kuhoji na Usangi. Anayekwepa kikao cha mtaa kwa sababu ya mpira wa saa kumi, huko nyumbani naye atakuwa mtazamaji.

Kuna wanaosema, "Sisi kodi hatulipi tangu kodi ya maendeleo ilipofutwa." Kweli, ilifutwa mwaka 2003. Lakini kila ununuapo sabuni, bati au vocha, kiwango cha kawaida cha VAT, asilimia 18, kimo ndani ya bei. Muuza genge na mkurugenzi wote wanalipa. Kwa hiyo usidai darasa kana kwamba unaomba msaada. Umeshalilipia kwa sehemu. Na usiponunua kwa risiti, kodi uliyokwisha kutoa inaishia mfukoni mwa mtu. Kuidai risiti ya bati zako ni kitendo kidogo cha uraia unachoweza kukifanya leo jioni ukitoka hapa.

Vilevile, Januari 2016 watoto wetu walianza kusoma shule za serikali bila ada hadi kidato cha nne. Ni jambo jema, na limefungua mlango kwa watoto wengi wa maskini. Lakini wazazi wengine wamelielewa kwamba shule sasa si yao. Kutokulipa ada hakumwondolei mzazi kiti chake kwenye mkutano wa shule. Tuwaambie ndugu zetu kwa simu, kwa upole, kwamba kamati ya shule bila wazazi ni kama ndiva bila mfereji.

Sasa tuje kwenye fedha, maana tusipozitaja mtasema kamati imebadilika.

Chukua kalamu. Watu 300 wakitoa shilingi 10,000 kila mwezi, ni shilingi 3,000,000 kwa mwezi, na 36,000,000 kwa mwaka. Kumi elfu ni kama shilingi 330 kwa siku. Hatuhitaji tajiri mmoja wa kutuokoa. Tajiri akija tutamshukuru na kumwandikia risiti. Lakini mfuko unaotegemea watu watatu una sauti tatu, na hao watatu wakikasirika mradi unasimama. Mfuko wa watu 300 una wenyewe 300, na kila mmoja ana haki ya kusimama na kuuliza. Ndiyo maana tunapenda zaidi kumi elfu inayokuja kila mwezi kuliko milioni moja inayokuja na kipaza sauti.

Na ambaye hana kumi elfu mwezi huu, asijifiche. Chama kinahitaji na vitu visivyopita benki. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vijijini vinashindwa kuipata kwa sababu havina katiba iliyoandikwa vizuri, wala daftari la fedha linaloeleweka. Humu ndani kuna walimu, wanasheria, wahasibu, makarani, wauguzi, mafundi. Siku mbili za mhasibu mmoja zinatosha kuwafundisha akina mama kumi kutunza daftari la kuingia na kutoka. Mwanasheria anaweza kuwasaidia kusoma sheria ndogo za kijiji kabla hazijapitishwa. Kijana wa chuo anaweza kumsaidia bibi yake kufuatilia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa. Hiyo nayo ni msaragambo, ila jembe limebadilika.

Desemba inakuja. Wengi wetu tutapanda nyumbani, gari zitajaa, mbuzi watachinjwa. Kuna bahati katika kalenda hiyo ambayo hatujaizoea kuitumia. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mapendekezo ya vijiji yanatakiwa yawe yamepanda miezi kadhaa kabla yake. Siku tunazokaa nyumbani tukinywa na kusalimiana ziko karibu na wakati wa kupanga. Tunapendekeza kila familia itenge asubuhi moja. Nenda ofisi ya kijiji, msalimie mtendaji, soma ubao wa matangazo, uliza mkutano ujao ni lini. Mkutano ukiwapo ukiwa huko, omba kwa heshima kukaa pembeni. Usishike kipaza sauti ukawafundisha wenyeji. Sikiliza mama zetu wanasema nini kwanza, maji au darasa, kisha urudi utuambie.

Na ukikuta ubao hauna kitu, usianze ugomvi. Muulize mjomba au shangazi anayeishi pale kama anajua haki yake ya kuona hesabu. Kama hajui, mweleze. Akiuliza yeye, mkazi, swali lina uzito wa sheria. Tukiuliza sisi, linaweza kupuuzwa kama maneno ya watu wa mjini.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa katibu. Zina sehemu tatu: kiasi utakachotoa kwa mwezi, kazi ya ujuzi utakayojitolea, na mstari wa mwisho unaosema, "Swali langu kwa chama." Tunaomba huo wa mwisho usiachwe wazi. Tutayajibu maswali yote kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi ujao, yakiwemo makali. Anayetoa mchango bila swali tunamshukuru. Anayeuliza bila kutoa tutamjibu. Anayetoa na kuuliza ndiye tunayemtafuta, kwa sababu huyo atakuwa nasi mwakani.

Baada ya hapa mweka hazina atasoma taarifa ya mwaka. Tafadhali fungueni ukurasa wa kwanza mfuate naye, na msisubiri afike mwisho ndipo mnyooshe mkono.